Mnada wa TMX kwa korosho na ufuta: tathmini ya huduma, kutoka Newala hadi Liwale

Siku ya mnada huku Kusini, wakulima wanajaa kwenye uwanja wa AMCOS, chama chao cha msingi cha ushirika, macho yote yakiwa kwenye skrini moja. Mnunuzi hayupo. Huenda yuko hotelini Mtwara mjini, huenda yuko ofisini Dar es Salaam, huenda hajawahi kukanyaga Tandahimba maisha yake yote. Ofa yake inaingia kwa kompyuta au simu, dirisha la mnada likifungwa limefungwa, na matokeo yanasomwa mbele ya watu. Huo ndio mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ulianza na mazao kama ufuta na mbaazi, ukaingia kwenye korosho msimu wa 2024/2025, juu ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mazao hukusanywa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa kwa pamoja, ambao korosho ya Mtwara imekuwa ikiuzwa nao tangu 2007.

Kama njia ya kutafuta bei, mnada huu ni bora kuliko sanduku la zabuni. Kwenye sanduku, bei iliandikwa kwenye karatasi, ikafungwa kwenye bahasha, na mtu akaipeleka hadi kwenye chama kikuu, yaani muungano wa AMCOS. Hilo lilimtaka mnunuzi awe na mtu wake hapa, gari lake na anayejua milango ya kupita. Mwenye fedha za tani 50 tu aliona afadhali apitie kwa wakala, na wakala naye lazima ale. Sasa mwenye leseni ya Bodi ya Korosho, aliyesajiliwa na kuweka dhamana, anaweza kununua akiwa popote penye intaneti. Faida ya hapo ni idadi ya wanaoshindana. Mzigo uleule ukigombewa na watu kumi na wawili hauwezi kuuzwa sawa na ukigombewa na wanne wanaojuana.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Kahawa ina bei zinazotajwa duniani kila siku, robusta London na arabika New York, kwa hiyo mkulima wa Mbinga anaweza kulinganisha anacholipwa na kinachoendelea nje. Korosho haina soko la aina hiyo. Bei yake hupangwa kimyakimya kati ya muuzaji, dalali na mbanguaji, yaani mwenye kiwanda cha kutoa viini, wa Vietnam au India. Matokeo ya mnada yanapotangazwa hadharani, yanakuwa kipimo kwa Mtwara na hata kwa walioko nje. Kwa zao ambalo sehemu kubwa yake inaondoka ikiwa ghafi, hilo ni jambo kubwa.

Sasa tuje kwenye yanayokwamisha, na tuanze na lile linaloshusha bei kuliko yote. Mnunuzi wa mbali hanunui korosho, ananunua namba. Hawezi kuingiza mkono kwenye gunia. Anachokiona ni katalogi ya mauzo: ghala gani, tani ngapi, daraja gani, unyevu kiasi gani, ratili ngapi (ratili ni kipimo cha uzito, pungufu kidogo ya nusu kilo) za korosho karanga, yaani viini vilivyobanguliwa. Namba hizo akiziamini, anapandisha. Akiwahi kupokea kontena lisilofanana na katalogi, msimu unaofuata anakata bei mapema kufidia hasara ambayo bado hajaipata, na anaikatia ghala zima, pamoja na yule aliyeanika vizuri.

Namba ya ratili ndiyo mbanguaji anayoitazama kwanza, na kila AMCOS inaweza kuipima yenyewe kabla mzigo haujaondoka. Chukua kilo 1 ya korosho ghafi kutoka magunia ya juu, ya katikati na ya chini ya rundo, siyo yale yaliyo karibu na mlango tu. Kata kila korosho katikati, toa kiini pamoja na ngozi yake nyembamba, kisha gawa mafungu matatu. La kwanza ni viini safi. La pili ni vyenye madoa au vilivyosinyaa. La tatu ni vilivyooza, vyenye ukungu au vilivyoliwa na wadudu. Pima kwa mizani ya gramu. Fungu la kwanza lihesabu lote, la pili nusu yake, la tatu tupa. Jumla ya gramu zidisha kwa 0.1764. Jibu ni ratili za korosho karanga zitakazopatikana kwenye kilo 80 za korosho ghafi.

Mfano: viini safi gramu 275, vyenye madoa gramu 24. Nusu ya 24 ni 12, jumla 287, mara 0.1764 inakuwa ratili 50.6. Mzigo mwingine una gramu 250 safi na 20 zenye madoa. Jumla 260, yaani ratili 45.9. Magunia mawili ya kilo 80 kutoka mizigo hiyo yana uzito mmoja kwenye mizani na nje yanafanana, lakini la pili linampunguzia mbanguaji zaidi ya kilo 2 za korosho karanga. Yakichanganywa kwenye rundo moja, mwenye 50.6 ndiye anayeumia. AMCOS inayotenganisha mizigo kuanzia kwenye kupokea inawatendea haki wanachama wake. Inayomwaga zote pamoja ili kuwahi lori inawaibia wazuri bila kukusudia.

Mahali ratili zinapopotea hasa ni kwenye kuanika. Korosho inataka jua la siku 2 hadi 3 juu ya turubai, mkeka au sakafu ya saruji, ikigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa jioni kabla umande haujashuka. Udongo mtupu haufai, unaipa doa na mchanga. Iliyokauka ukiitikisa kiganjani inalia kama kokoto. Mbichi inatoa sauti nzito na ukucha unaacha alama kwenye ganda. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 10. Kisha gunia liwe la juti. Kiroba cha plastiki hakipumui, korosho inatoka jasho ndani, na baada ya wiki chache ghalani ukungu umeshaingia. Mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu korosho iliyoangukia kwenye majani yaliyolowa huwa nyeusi hata ikianikwa baadaye. Ndiyo maana mizigo ya mwisho wa msimu mara nyingi inauzwa chini ya ile ya mwanzo. Sababu nyingine ni kwamba kuanzia Februari korosho ya Afrika Magharibi inaingia sokoni, na mbanguaji hana tena haja ya kutukimbilia.

Siku yenyewe ya mnada, watu wengi wanatoka na bei moja kichwani, ile ya juu. Hapa matangazo yanahitaji kurekebishwa. Tuseme mzigo ni tani 500. Mnunuzi mmoja anataka tani 200 kwa shilingi 3,500 kwa kilo, mwingine tani 300 kwa 3,470. Bei ya juu ni 3,500, lakini wastani wa mzigo wote ni 3,482, na hapo makato ya usafirishaji, ghala, ushirika na ushuru wa halmashauri bado. Mwanachama aliyesikia 3,500 redioni akapokea pungufu anaondoka akiamini ameibiwa, na katibu wa AMCOS anabebeshwa lawama isiyo yake. Skrini ioneshe bei ya juu, ya chini na wastani kwa herufi kubwa zinazolingana, na jedwali la makato libandikwe ukutani kabla ya mnada, siyo baada ya malipo.

Wakulima wana haki ya kuikataa bei, na haki hiyo ni ya kweli. Ila kukataa kuna gharama yake. Korosho inayoendelea kukaa ghalani inaendelea kukauka. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 10 zikishuka hadi asilimia 8 zinabaki kilo 978 hivi. Kwenye tani 100 zimeyeyuka zaidi ya tani 2 bila mwizi yeyote, na hapo ndipo ugomvi wa AMCOS na mwenye ghala unapozaliwa. Anayetaka kukataa apige hesabu hii kwanza: je, wiki ijayo bei itapanda kuzidi upungufu huo wa asilimia 2? Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Lakini mkutano unaokataa kwa hasira tu, bila hesabu, mara nyingi unarudi kukubali bei ileile kwa mzigo mwepesi.

Jambo jingine ambalo skrini hailiwezi ni dola. Mnunuzi anauza nje kwa dola, sisi tunalipwa kwa shilingi. Oktoba 2024 dola ilikuwa inazunguka shilingi 2,700. Desemba ilipokuwa inaisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Chukua korosho yenye thamani ya dola 1.50 kwa kilo. Kwa 2,700 ni shilingi 4,050, kwa 2,400 ni 3,600. Gunia la kilo 80 limepungua shilingi 36,000 na mbanguaji hajapunguza hata senti. Maofisa ushirika wanaosimama mbele ya wakulima wangetaja thamani ya dola ya siku hiyo kabla ya kusoma matokeo, maswali mengi yangejibika palepale.

Malipo ndiyo eneo lenye malalamiko mengi zaidi. Mzigo hautoki ghalani mpaka fedha za mnunuzi ziingie, na ulinzi huo ni mzuri. Shida ni safari ya fedha baada ya hapo, kutoka benki kwenda chama kikuu, AMCOS, hadi akaunti ya mkulima. Zinakwama kwa vitu vidogo: tarakimu moja ya akaunti imekosewa, akaunti imelala kwa sababu haijatumika tangu msimu uliopita, au daftari la AMCOS linasema Hamisi na kitambulisho cha taifa kinasema Khamis. Jina liwe lile lile kwenye daftari, kitambulisho na benki, na likaguliwe Septemba kabla ya kupeleka gunia la kwanza. Kila siku ya kuchelewa inamnufaisha mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa nje ya mfumo rasmi, anayekuja na fedha taslimu na bakuli lake la kupimia. Mama mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hii hawezi kulishwa na bei nzuri itakayofika wiki ya tatu.

Mtandao wa simu vijijini bado unakatika. AMCOS iwe na laini za kampuni mbili tofauti, betri au jenereta ya kuendesha skrini kwa muda wa saa tatu, na televisheni kivulini badala ya projekta, maana saa sita mchana ukuta unaomulikwa na projekta hausomeki.

Kwa ufuta, ambao Lindi ndiyo nyumbani kwake, mfumo unaenda vizuri zaidi. Zao linakauka haraka, na ubora wake unaonekana kwa kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, na kuchekecha. Adui mkubwa ni mchanga unaoingia wakati wa kupiga ufuta chini, na dawa yake ni turubai. Mbaazi ni habari tofauti. India ilipobana uagizaji Agosti 2017 bei ilianguka kijiji kwa kijiji, na hakuna mnada, wa sanduku wala wa mtandao, ambao ungeizuia. Anayelima mbaazi afuatilie matangazo ya Delhi kabla ya kupanda.

Kwa upande wetu mnada wenyewe unapata 8 kati ya 10, katalogi 5, malipo 5. Kwa mkulima anayepeleka mzigo msimu ujao: usiondoke kwenye mizani bila risiti yenye jina lako kamili, namba ya akaunti, kilo, daraja na tarehe, na uipige picha kwa simu palepale, kwa sababu wino wa risiti hizo unafifia kabla ya Januari.