Maumivu ya taya bila upasuaji: tiba tatu nilizopitia Bukavu

Taya langu la kushoto lilikuwa likitoa mlio kila nilipopiga mwayo, na maumivu yakapanda hadi kwenye panja kiasi cha kunifanya niache mahindi ya kuchoma. Daktari wa meno hakuona jino bovu. Alisema tatizo liko kwenye kiungo cha taya na misuli yake, akanitengenezea gutiera, yaani bamba la plastiki la kuvaa usiku. Inazuia meno kusagana, na kwa kazi hiyo siilaumu, ila maumivu yalibaki karibu yaleyale, ingawa ndiyo iliyonila pesa nyingi zaidi.

Kine wa kwanza (kine ni mtaalamu wa tiba ya viungo na misuli), huko Ibanda, alinibandika vipande vya kupitisha mkondo mdogo wa umeme shavuni. Nilipata nafuu iliyodumu mpaka nifike nyumbani, na siku umeme ulipokatika tulibaki tukitazamana.

Kine wa pili hakuwa na mashine. Alivaa glavu, akaingiza kidole gumba ndani ya shavu, akaushika msuli wa kutafunia kati ya kidole hicho na vidole vya nje, akabana palepale penye fundo hadi likalegea. Machozi yalinitoka, sifichi. Kisha aliweka dole gumba juu ya magego ya chini na kulivuta taya taratibu kuelekea chini. Nyumbani niliagizwa kugusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, na kufungua kinywa mbele ya kioo bila ulimi kubanduka wala taya kwenda upande. Mtu mzima kwa kawaida hufungua kinywa kwa milimita 40 au zaidi, sawa na upana wa vidole vyake vitatu. Mimi viwili viliingia kwa shida. Sasa vitatu vinapita.

Mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2023 nao unatanguliza tiba ya mikono na mazoezi yenye usimamizi, wala haupendekezi mkondo wa umeme au gutiera kwa ajili ya maumivu hayo. Mlio haujaisha, lakini nimeelezwa kwamba usipoambatana na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba.

Kabla ya kulipa, muulize kine kama amewahi kutibu taya kwa kuingiza mkono kinywani, kwa maana wengi wamezoea migongo na magoti.