Programu nzuri, usakinishaji wa mateso: uzoefu wangu na seva ya ghala

Nimekaa na programu hii karibu mwaka mzima, kwa hiyo naweza kusema uzuri wake na ubaya wake bila kubahatisha. Ni programu ya biashara inayowekwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine: stoo, mauzo, madeni ya wateja na hesabu, vyote mahali pamoja. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga, na niliifunga kwenye ghala la vifaa vya ujenzi la mama mmoja ambaye sote tunamwita Hajati. Kompyuta za kaunta ni nne, na seva yenyewe imekaa ofisini kwake, nyuma ya kabati la mafaili.

Ikishasimama, inafanya kazi vizuri sana. Nondo zinaingia kwa tani na kutoka kwa vipande, nyaya zinaingia kwa roli na kutoka kwa mita, na hesabu zinabadilika bila mtu kushika kikokotoo. Zamani Hajati alikuwa akifunga mahesabu saa tatu usiku. Siku hizi magharibi inamkuta nyumbani. Kwa hilo naipa nyota nne. Kwa usakinishaji naipa moja.

Mwongozo unasema dakika 45. Nilianza Ijumaa jioni, tarehe 30 Agosti 2024, baada ya duka kufungwa. Kile kimstari cha kuonyesha kazi ilipofikia kilikaribia mwisho, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma. Halafu likatokea dirisha dogo: kosa namba 1603. Mafundi wa Windows wanaijua namba hiyo. Inakwambia kwamba usakinishaji umeshindikana, lakini haikwambii kwa nini. Yaweza kuwa ruhusa ya folda, yaweza kuwa kitu kinachokosekana, yaweza kuwa lolote.

Ikabidi niuanzishe tena kwa msiexec, amri ya Windows ya kusakinishia programu, nikiitaka iandike kila hatua kwenye faili, kisha nikatafuta humo maneno “return value 3”, kwa sababu hapo ndipo mambo huwa yameharibikia. Faili lilikuwa na maelfu ya mistari. Juu kidogo ya maneno hayo nikaikuta sababu: programu inahitaji .NET Framework 3.5, kipande cha Windows ambacho baadhi ya programu hukitegemea, na kwenye Windows Server 2019 kitu hicho hakiji kikiwa kimewashwa. Kama seva haipati intaneti, lazima ukichukue mwenyewe kwenye folda ya sources\sxs iliyo ndani ya DVD ya Windows. Kazi ya dakika kumi ukishajua. Mimi ilinichukua mpaka alfajiri, na kinachoniuma ni kwamba programu ingeweza kuangalia jambo hilo kabla haijagusa chochote, ikaniambia: weka hiki kwanza, kisha urudi.

Na haikusafisha ilipopita. Jaribio la kwanza lilikwisha kuweka SQL Server Express, hifadhidata inayotunza kumbukumbu zote za programu, likaiacha humo, kwa hiyo jaribio lililofuata likakataa kwa madai kwamba jina la hifadhidata hiyo tayari linatumika. Niliwaandikia waliotuuzia. Jibu lilikuja Jumatatu: futa kila kitu, anza upya, na mwongozo ni huu. Ule ule niliokuwa nao mkononi.

Suala la mtandao nitalipitia haraka. SQL Server Express huja na TCP/IP, njia ambayo kompyuta nyingine huifikia kupitia mtandao, ikiwa imefungwa, kwa hiyo kompyuta za kaunta hazikuiona seva kabisa. Nikaifungua, nikaipa poti 1433 ya kudumu, nikairuhusu kwenye firewali, ule ulinzi wa Windows unaozuia miunganisho. Kwenye mwongozo hakuna hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Jumatano tarehe 4 Septemba tukaanza kuuza. Risiti zinatoka, stoo inapungua inavyotakiwa, vijana wa kaunta wamefurahi. Nikaenda zangu kwenye kazi nyingine.

Ijumaa tarehe 13, asubuhi, Hajati akanipigia. “Mwanangu, hii mashine imegoma. Haipokei ankara hata moja.” Nilipofika nikakuta foleni ya mafundi ujenzi wanaotaka saruji kabla ya sala, na kila ankara inakataliwa kwa kosa la tarehe. Nilitazama ile 13/09/2024 kwenye kioo, nikahisi mwili umeniishia nguvu. Usakinishaji uliiacha hifadhidata kwenye mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mwezi wa 13 haupo, ndiyo maana ikagoma. Lakini siku zote zilizotangulia ilikuwa imepokea bila kulalamika! Mauzo ya tarehe 4 Septemba yamekaa kama ya 9 Aprili. Ya tarehe 12 Septemba yamekaa kama ya 9 Desemba, mwezi ambao haujafika. Tarehe 9 peke yake ndiyo iliyosalimika, kwa kuwa 09/09 husomeka vilevile kokote uanzie.

Msidhani ni jambo dogo. Wateja waliokopa bati tarehe 4 kwa siku thelathini walionekana wadaiwa sugu wa miezi mitano, na vijana walishamnyima mali mmoja wao, mtu anayenunua hapo miaka mingi. Hajati alimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Na ritani ya VAT ya Septemba, inayotakiwa kufika TRA, mamlaka ya mapato, mwezi wa Oktoba, ingekwenda na mauzo pungufu.

Kilichotuokoa ni mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Risiti zake zina tarehe sahihi, kwa hiyo jioni ile mimi na kijana mmoja wa kaunta tulikaa na nakala zake, tukalinganisha ankara zaidi ya mia mbili, moja baada ya nyingine. Nilichukua bekapu kwanza, ndipo nikasahihisha. Kisha nikabadilisha lugha ya akaunti ambayo programu huingilia kwenye SQL Server, kutoka us_english kwenda British, ambayo husoma siku kwanza. Sehemu moja tu ya kubadilisha.

Watengenezaji wanauza programu hii kwetu, tunaoandika siku kwanza. Swali moja wakati wa kusakinisha, “tarehe zenu mnaziandikaje?”, lingetosha.

Toleo jipya limetoka, na Hajati kaniuliza kama tulichukue au tuhame. Nimemwambia tubaki. Ila halitagusa seva ya duka mpaka nilifunge kwanza kwenye kompyuta ya pembeni, na ankara ya kwanza ya majaribio nitaiandika tarehe 13.