Kusaka transmita iliyofichwa msituni Karura: uzoefu wangu

Kwa wale mnaouliza kama kusaka transmita na klabu ya redio hapa Nairobi kunastahili pesa na Jumapili yako, jibu langu ni ndiyo, nendeni. Ila msiende mikono mitupu mkidhani kila kitu mtakikuta huko. Klabu hii inajua kuficha. Kumsaidia mgeni apate kilichofichwa, hapo bado. Naipa nyota nne kwa tano, na ile iliyobaki nitaeleza ilikopotelea.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mwanachama mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kolisaini yake (jina lake la hewani) ikianza na 5Z4 kama ilivyo kwa Kenya, anaamka mapema na kwenda kuficha vijitransmita, yaani vijidude vya kurusha mawimbi ya redio, porini. Wenyewe wanaviita mbweha. Kila kimoja kinatoa mlio kwa zamu, na nyinyi mnakisaka kwa redio, antena, ramani na miguu. Wasakaji haturushi mawimbi hata kidogo, tunasikiliza tu. Kwa hiyo hata kama hujafanya mtihani wa leseni, unacheza.

Huko nje ni mashindano kamili. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Poland mwaka 1980, na mpaka leo utaratibu ni wa transmita tano zinazopokezana kwenye masafa yaleyale, kila moja dakika moja, wakimbiaji wakiwa na ramani na dira. Mlio ni wa Morse, zile herufi za nukta na mistari: MOE, MOI, MOS, MOH, MO5. Usitishwe na Morse. Herufi ya mwisho ya kwanza ina nukta moja, ya pili mbili, hivyo hivyo hadi tano, kwa hiyo kazi yako ni kuhesabu nukta za mwisho na kujua unamsikia nani. Klabu yetu inafuata mtindo huo nusunusu: mbweha watatu tu, hakuna anayekimbia isipokuwa vijana wawili watatu, na chai ya maziwa inangoja pale tunapoanzia.

Mara nyingi uwanja ni Karura. Kiingilio cha msitu unajilipia mwenyewe, halafu klabu inakutoza shilingi 500 za ramani, chai na betri (kuhusu hizo betri, subiri kidogo). Karura imefaa sana kwa kazi hii kwa sababu makutano ya njia yana vibao vya namba, kwa hiyo ukipotea unasoma kibao, unaangalia ramani na mambo yanaendelea. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, una mabonde, mito, mianzi na mikaratusi, na kila kimoja kinachezea mawimbi kwa namna yake. Nikipita upande wa Limuru Road huwa nakumbuka Wangari Maathai alivyopigwa Januari 1999 kwa kutaka tu kupanda mti pale. Wale wanyakuzi wa ardhi wangefaulu, leo mbweha wangefichwa kwenye maegesho ya magari.

Wamewahi pia kuandaa msako Arboretum, ile bustani ya miti. Kwa watoto panafaa, kwa mtu mzima ni padogo mno: mlio una nguvu kila kona na redio haikuambii lolote. Halafu ni jirani na Ikulu. Ukitembea State House Road na madude ya chuma mkononi utaulizwa maswali, na wanaokuuliza si wabaya. Antena ikunje, itie ndani ya begi, uitoe ukishaingia ndani.

Sasa vifaa. Klabu ina antena kadhaa za kuazimisha, na ni nzuri: Yagi (antena inayosikia zaidi upande inakoelekezwa) ya vipande vitatu iliyoundwa kwa bomba la PVC na tepu ya chuma ya fundi. Mchoro wake ulienezwa na Joe Leggio, mwanaredio wa Marekani mwenye kolisaini WB2HOL, na ukipenya kichakani utaelewa kwa nini umependwa dunia nzima. Tepu ikigonga tawi inapinda, ukipita inajinyoosha. Mimi sikutaka foleni ya kuazima, nikaunda yangu. Bomba na tepu nilinunua Kirinyaga Road, waya wa koaksi (kama ule wa antena ya TV) na lehemu mtaa wa Luthuli. Kipande cha nyuma kina takriban sentimita 105, cha mbele 89, na cha katikati kimekatwa pawili ili waya uungwe hapo. Kinachosumbua ni kulehemu. Tepu imepakwa rangi, na lehemu haitashika kamwe mpaka uikwangue kwa msasa ibaki chuma kinachong'aa. Ncha nazo zifungeni kwa tepu ya umeme, zinakata mikono vibaya.

Redio yangu ni Baofeng UV-5R, ile wengi wenu mnayo. Kwa kusaka ukiwa mbali inatosha na kubaki. Ukikaribia ndipo inapokutesa, na hapa ndipo penye habari yenyewe.

Mbali ni rahisi. Siku ninayoisimulia masafa yalikuwa 145.300 MHz. Unasimama kwenye makutano, unazungusha antena polepole, unapata upande ambao mlio ni msafi zaidi, unasoma dira, unachora mstari kwenye ramani. Nairobi tuna bahati, tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani ni ndogo mno, huna haja ya kufanya hesabu. Unatembea kando, si mbele, unachora mstari wa pili, na pale mistari inapokatana ndipo pa kuelekea. Antena ishike wima, kwa kuwa waya wa mbweha kwa kawaida umesimama wima pia. Na usipime ukiwa chini bondeni kando ya mto: mlio utakujia kutoka ukingo wa pili, utavuka daraja bure, utarudi. Panda mwinuko kwanza.

Kwa njia hiyo hata mgeni anafika hadi mita hamsini kutoka kwa mbweha ndani ya nusu saa. Kisha anaweza kuzunguka hapo saa nzima.

Sababu ni hesabu tu. Ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya mawimbi inaongezeka mara nne. Ukitoka kilomita moja hadi mita kumi, imeongezeka mara 10,000. Redio ndogo haina pa kuzipeleka nguvu zote hizo. Vijiti vya kwenye kioo vinajaa vyote, mbele vimejaa, nyuma vimejaa, ukielekeza antena ardhini vimejaa. Na kwa kuwa hii ni FM, sauti haipandi wala kushuka kufuata nguvu. Ikishakuwa safi ni safi. Ni kama kumtafuta mwimbaji harusini huku sikio umelibandika kwenye spika.

Siku hiyo tulikuwa watu kama sita kwenye eneo moja la mikaratusi, kila mtu anaelekeza antena upande wake, na mbweha wa pili anatulilia kila baada ya muda kana kwamba anatucheka. Akaja mzee mmoja wa klabu, mstaafu, fimbo mkono mmoja na redio mkono wa pili.

"Kijana, hiyo antena sasa itoe."

"Niitoe, mzee? Nitasikia na nini?"

"Utasikia tu, mbweha yuko hapa hapa. Toa kabisa, redio ibane kifuani, halafu jizungushe pole pole. Utakapoona mlio umefifia, simama. Yuko mgongoni kwako."

Nikajizungusha. Kweli, upande mmoja ule mlio ukaanza kukwaruza. Mwili wa binadamu unazuia mawimbi ya mita mbili, yaani haya ya 145 MHz, vizuri sana, na pale kifua kinapokuwa kati ya redio na transmita ndipo panapofifia. Nikageuka, nikaenda hatua ishirini hivi, vijiti vikajaa tena. Mzee akanipa ya pili: badilisha masafa, sikiliza 435.900. Hiyo ni mara tatu ya 145.300, na transmita za bei nafuu huvujisha kidogo huko juu. Mvujo huo ni dhaifu kiasi kwamba unausikia ukiwa karibu sana tu. Nilipoupata, antena ikaanza kusema ukweli tena. Kwa asiye na redio ya kufika huko, kuna njia ya tatu: sogeza masafa pembeni kidogo, kilohezi 5 au 10, mlio uje kwa kukatikakatika, na hapo tofauti ya mbele na nyuma itaonekana.

Mbweha alikuwa kwenye kijidebe cha plastiki kilichozungushiwa tepu ya kijani, kimesukumwa chini ya mzizi, waya wake wa kahawia umepandishwa pamoja na mtambaazi hadi usawa wa bega. Nilikuwa nimeshapita hapo nikiwa nimeangalia juu. Ndani ya mfuko wa nailoni kuna kadi za rangi, unachukua moja kuwa ushahidi, unarudisha kila kitu kilivyokuwa. Aliyeficha alikuwa ameacha nafasi ya mkono mmoja tu, na mstari wa siafu ukipita shibiri moja kutoka hapo. Sijui kama siafu walikuwa sehemu ya mpango. Alipoulizwa alicheka tu.

Nyota iliyopotea ndiyo hii. Mbinu zote hizo nilizipata kwa sababu mzee alinihurumia, si kwa sababu klabu ilizifundisha. Maelezo ya asubuhi yalikuwa ya Kiingereza kizito cha mafundi, desibeli huku na polaraizesheni kule, kinamama wawili waliokuja na watoto wao wakabaki wanaangaliana. Hakuna aliyetaja mwili wala masafa ya mara tatu. Kifaa kinachotatua tatizo lote hili, kile cha kudhoofisha mlio kabla haujaingia kwenye redio, klabu inacho kimoja, na siku zote kiko mkononi mwa yule yule anayeshinda. Kukiunda si kazi: oskileta ya kristali (kijidude kinachotoa mawimbi yake chenyewe) ya MHz 4, daiodi, kitasa cha kurekebisha na betri ya volti 9 ndani ya kijisanduku. Kinachanganya mlio na hizo MHz 4, unausikiliza kwenye 149.300 badala ya 145.300, na kwa kitasa unaupunguza kadiri unavyokaribia. UV-5R inafika huko bila shida. Wangeacha kuongeza antena za kuazimisha wakaunda vitano vya hivi, nusu ya wageni wasingerudi nyumbani wamekata tamaa.

Kuna mengine madogo. Tuliambiwa saa tatu, tukaanza saa nne na nusu, jua limeshapanda. Na mbweha wa tatu alinyamaza kabla ya saa sita. Betri imekwisha. Watu wakaendelea kupanda na kushuka wakimtafuta mbweha aliyekwisha lala, mpaka mtu akakumbuka kupiga simu. Waliomba radhi, sawa, lakini ukinitoza pesa ya betri, weka betri.

Kwa upande wa usalama nawapongeza. Askari wa msitu alitusimamisha akiwa na wasiwasi.

"Boss, hiyo ni ya kurusha droni?"

"Hapana afande, ni antena ya kusikilizia tu. Tuko na ile klabu ya redio."

Kiongozi alikuwa na barua ya ruhusa, yakaisha. Ila barua ilikuwa moja na yeye alikuwa ng'ambo ya pili ya msitu, tukangoja. Kila kundi lipewe nakala.

Ukienda, vaa suruali ndefu na viatu vinavyofunga, beba maji, chaji redio usiku, na chakula kiweke ndani ya begi lililofungwa zipu kwa sababu ya tumbili. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wanaufurahia kuliko sisi, na wana faida moja, wanatazama chini. Binti mmoja wa shule ya msingi alimpata mbweha wa kwanza kabla ya baba yake kumaliza kuchora mstari wa pili.

Sasa wanasema wanataka kujaribu msako wa masafa ya mita 80, yaani 3.5 MHz. Huko mawimbi hayasumbuliwi sana na miti na kingo, na upande mlio unapopotea kabisa ni mwembamba, unauelekeza kwa usahihi. Shida ni kwamba UV-5R haisikii huko, lazima uunde redio yako yenye kijiti cha feraiti, kile cheusi cha antena kilichomo ndani ya redio za AM. Mimi nimeshaanza kuzunguka Luthuli nikiulizia redio mbovu za zamani ninyofoe vijiti. Mwenye nazo nyumbani zimekaa tu anitafute, kabla sijauziwa redio iliyokufa kwa bei ya iliyo hai.