Kiangulio cha mbao cha Hearson: kagua tangi kwanza, mbao baadaye

Anayetafuta kiangulio cha zamani cha Hearson, lile sanduku zito la Kiingereza la kutotolea mayai lenye taa ya mafuta ubavuni, huvutwa kwanza na mng'aro wa mbao. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Mbao iliyopasuka fundi seremala huimaliza kwa siku moja. Kinachoamua kama vifaranga watatoka ni vitu viwili vilivyojificha ndani: tangi la maji na kapsuli inayodhibiti joto.

Charles Hearson wa London alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1881, na akili iliyomo bado inastahili heshima. Droo ya mayai hukaa chini ya tangi la maji ya moto. Joto la taa hupita kwenye bomba lililozama ndani ya tangi, likarudi na kutoka nje. Juu ya mayai huning'inia kapsuli bapa ya shaba yenye matone machache ya etha iliyochanganywa na spiriti. Joto likifika kiwango, matone huchemka, kapsuli huvimba na kusukuma sindano, sindano huinua wenzo, na wenzo hunyanyua kifuniko cha bomba la taa. Joto la ziada hupanda moja kwa moja hewani badala ya kupita kwenye tangi. Hakuna umeme wala betri.

Kabla ya kulipa, jaza tangi maji na uliache saa 24 juu ya magazeti makavu. Tone moja likionekana, pasugue mpaka shaba ing'ae, paka dawa ya kulehemia, kisha ziba kwa lehemu laini ukitumia pasi ya kulehemia yenye nguvu. Usitumie moto wa gesi: utaziba tundu moja na kuachanisha viungio vya jirani, kwa sababu lehemu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi. Kwa sababu hiyohiyo usiwashe taa tangi likiwa tupu, hata kwa majaribio. Jaza kwa maji ya mvua yaliyopashwa mpaka nyuzi 40. Maji ya kisima huacha magaga kwenye bomba la ndani na joto halipiti vizuri tena.

Kapsuli ijaribu kwenye bakuli la maji ya nyuzi 45. Nzima huvimba waziwazi ndani ya dakika moja. Isipovimba, etha imevuja, na hapo hakuna ukarabati wa nyumbani: tafuta mpya inayoingia kwenye kishikio kilekile. Usijaribu kuifungua ukajaze mwenyewe, maana etha hulipuka kirahisi.

Mbao ioshe kwa maji ya sabuni, kisha maji ya jiki, uianike juani mpaka harufu iishe kabisa. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, huenda ina madini ya risasi. Ukikuta ubao wa kijivu unaofanana na karatasi ngumu karibu na taa, uchukulie kuwa ni asibesto. Usiukwangue, mwachie anayejua kuuondoa. Droo inayokwama isipigwe randa. Ipake nta ya mshumaa. Ukiipunguza wakati wa masika, kiangazi itaacha upenyo na joto la pembeni litashuka.

Kurekebisha joto ndiyo kazi yenyewe. Washa mashine saa 48 bila mayai. Kwenye wenzo kuna kipande cha risasi kinachoteleza: ukikisogeza mbali na egemeo kinaikandamiza kapsuli zaidi, nayo husubiri joto kubwa zaidi kabla ya kuvimba. Unatafuta nyuzi 39 kwenye usawa wa mgongo wa mayai. Weka balbu ya kipimajoto hapo hapo, kwa sababu ndani hakuna feni na kila sentimita ina joto lake. Moto wa taa uwe wa kutosha tu kukiacha kifuniko kimenyanyuka milimita 3 hivi. Kikiwa juu sana unachoma mafuta bure; kikilala kabisa, taa haitoshi.

Hapa pana udhaifu ambao watumiaji wa nyanda za juu wanapaswa kuuelewa. Kapsuli huchemka kwa kutegemea mgandamizo wa hewa. Penye mwinuko wa mita 1,700, kama Nairobi, etha huchemka nyuzi 6 hivi mapema kuliko Mombasa. Kapsuli iliyorekebishwa pwani ikipandishwa huko itafungulia joto kabla ya wakati. Risasi itabidi isogezwe mbali, na pengine kuongezwa uzito. Hata mahali pamoja, hali ya hewa ikibadilika sana kipimo huweza kuyumba kwa theluthi moja ya nyuzi. Soma kipimajoto asubuhi na jioni.

Unyevu hutoka kwenye trei iliyo chini ya droo, ambamo hewa safi hupita kwenye turubai lililoloa. Turubai libadilishwe kila mzunguko, kwani chumvi hulikausha kama bamba. Kipimo cha kuaminika ni mizani. Mayai 60 ya gramu 60 yana kilo 3.6, na kufikia siku ya 18 yanapaswa kupungua asilimia 12 hivi, yaani gramu 432, sawa na 24 kwa siku. Yakipungua haraka, ongeza eneo la turubai lenye maji. Yakichelewa, lipunguze, la sivyo vifaranga hujaa maji na kufia ndani siku ya 20.

Kugeuza ni kwa mkono. Andika X upande mmoja wa yai na O upande wa pili kwa penseli, geuza mara tatu au tano kwa siku, na kila mara mayai ya pembeni yaje katikati. Siku ya 18 acha, na baada ya hapo usifungue droo kila unaposikia mlio: utando hukauka na kumbana kifaranga aliyekwisha kudonoa ganda. Wakitoka siku ya 22 au 23, joto lilikuwa chini. Wakiwahi na vitovu vyenye damu, lilikuwa juu.

Usichanganye mayai ya kuku na ya bata bukini. Yai kubwa linakaribia tangi na kupikwa, dogo linabaki kwenye baridi.

Kwa anayetotoa mayai machache ya kuku wa mbegu safi mahali umeme unapokatika, mashine hii tunaipa alama za juu: tangi zito likishapata moto hushikilia joto saa kadhaa hata taa ikizimika. Kwa biashara ya vifaranga mamia, haifai. Taa nayo ina madai yake kila siku: jaza mafuta, kata utambi sawasawa na upunguze ncha zake mbili, la sivyo hutoa masizi yanayoziba bomba. Chumba kiwe na dirisha wazi, na mtu asilale humo.