Mshauri wa ushuru wa barabara ya Tom Mboya: shilingi 3,500 nilizomlipa hazikupotea

Kazi yangu ni kuandika rekodi za sauti za kampuni moja ya Marekani, nikiwa nyumbani Kasarani, Nairobi. Walinijazisha fomu W-4, ile ya wafanyakazi wa huko, na malipo mawili yakafuatana yakiwa yamekatwa ushuru wa serikali kuu yao. Nikiuliza kampuni, naambiwa niulize wakala anayenilipa. Nikiuliza wakala, ananirudisha kwa kampuni. Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee huyu, ghorofa ya tatu, barabara ya Tom Mboya.

Hakugusa fomu. Alichapa kifungu cha 3401 cha sheria ya kodi ya Marekani, akanipa kalamu nyekundu. "Dada, anza na maana ya maneno." Mwajiri, kwa kifungu kidogo cha (d), ni yule unayemfanyia kazi, ila ikiwa malipo ya ujira hayako mikononi mwake, basi mwajiri ni yule aliyeyashika. Nilisoma mara tatu, nikapiga mstari. Wakala! Na kifungu cha 3403 kinambebesha mwajiri huyo deni la ushuru anaopaswa kukata. Tukageukia maana ya "ujira", kifungu kidogo cha (a)(6). Kanuni zilizotungwa chini yake zinaondoa malipo ya mgeni asiye mkazi kwa kazi aliyoifanyia nje ya Marekani. Mimi hata pasipoti sina.

Nilimwonyesha pia video niliyotumiwa na binamu, inayodai kwamba "mwajiriwa" ni ofisa wa serikali tu, kwa sababu sheria inasema neno hilo "linajumuisha" maofisa. Hakunicheka. Alinifungulia kifungu cha 7701(c) cha sheria hiyo hiyo, panaposema kwamba kujumuisha hakuviondoi vingine vilivyomo katika maana ya neno lenyewe. Kwa hiyo hoja ya video haisimami, hata kama ingenifaa. Hapo nilimwamini kabisa, maana wengine wangenikubalia tu ili nilipe nikiwa na furaha.

Barua kwa wakala tuliiandika pamoja, tukaambatisha W-8BEN, fomu ya kuonyesha kwamba mimi ni mgeni, si mkazi wa Marekani. Kwa kuwa mwaka ule wa kalenda ulikuwa haujaisha, wakala aliweza kurekebisha makato mwenyewe. Pesa zote ziliingia pamoja na malipo ya Novemba.

Kilichoniudhi ni kungoja dakika 50 kwenye kiti cha plastiki, na risiti niliidai mara mbili ndipo nikaipata. Hilo walirekebishe, watu wametoka kazini kuja pale.

Nikiwa mlangoni aliniita tena: ushuru wa Marekani ukirudi, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, bado ipo. Mkazi wa Kenya hutozwa kodi kwa kazi yake hata mwajiri akiwa ng'ambo, kwa hiyo nitangaze mapato hayo kwenye iTax, tovuti yao ya kodi, kabla ya Juni 30 kupita.

Ukienda, beba mkataba na hati zote za malipo. Swali lake la kwanza litakuwa ni nani hasa anayetuma pesa.