Mortal Kombat ya nyumbani: nilingoja damu, nikapewa jasho

Nianze kwa kukiri kwamba kwenye gemu la mapigano la Mortal Kombat mimi ni mtu wa Scorpion, yule ninja wa mkuki. Kwenye mashine ya sarafu, ile ya mwaka 1992, vidole vyangu vilikuwa vimeshakariri: nyuma, nyuma, ngumi ya chini, mkuki huo umetoka na mpinzani anaburutwa mpaka miguuni kwangu apokee ngumi ya kidevu. Kwa hiyo kaseti za nyumbani zilipoingia sokoni tarehe 13 Septemba 1993, sikuhitaji kushawishiwa. Tatizo ni kwamba kati ya mashine mbili kubwa za biti 16 za wakati ule, niliyokuwa nayo ni Super Nintendo, ile iliyokataa damu.

Kwa macho, gemu ni zuri, tena zuri sana. Wapiganaji wote saba wapo, picha zao za watu halisi zimetulia, Goro na mikono yake minne anatisha vilevile, na sauti hazijakwaruza. Ukiitazama tu bila kushika pedi, utaapa ni ile ile.

Sasa mpige mtu. Badala ya damu yanaruka matone ya kijivu. Jasho! Mdogo wangu alikodoa macho kwenye skrini, akaniuliza, "Kaka, huyu kapigwa au katoka kukimbia?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila nikimpiga mpinzani ngumi ya kidevu, mdogo wangu ananyoosha mkono kama anayeniletea taulo.

Mapigo ya kumalizia nayo yamefinyangwa upya. Sub-Zero, ambaye kwenye mashine ya sarafu hung'oa kichwa na uti wa mgongo ukining'inia, hapa anamgandisha mtu kisha anampasua vipande kama barafu iliyoanguka sakafuni. Johnny Cage hakati kichwa tena, anamchoma mtu teke la kifuani. Scorpion wangu kabaki na moto wake, namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini hayo yote ningeyameza. Mtu anaweza kuzoea jasho. Kilichonichosha ni vitufe. Nabonyeza, na mpiganaji anakuwa kama anaomba ruhusa kwanza. Ni kuchelewa kidogo tu, ila kwenye gemu la ngumi kidogo hicho ndicho kila kitu. Namwona Raiden anaanza kuruka kunijia kwa kichwa, nakamata kitufe cha kujikinga kwa wakati, na bado nagongwa. Mkuki wangu, ambao nje ya nyumba sikuwahi kuukosa, humu unatoka nikiwa nimeshalala chini. Nilidhani pedi imekufa. Nikaazima nyingine, mambo yakawa yale yale.

Kinachouma zaidi ni jirani. Yeye alikuwa na mashine pinzani, Sega Mega Drive. Rangi zake zilikuwa chache, sauti kadhaa hazikuwepo, kwa sura tu kaseti yangu iliishinda kwa mbali. Lakini ukiingiza A, B, A, C, A, B, B mwanzoni, damu yote inafunguka, na mpiganaji anakutii papo hapo. Jioni zote tukawa kwake. Wengi nao walifanya hesabu hiyo hiyo, maana toleo lile ndilo lililouza zaidi.

Ukiwa mkusanyaji wa kaseti za zamani, inunue kwa ajili ya picha na historia: kelele za mwaka ule kuhusu gemu hili zilifika mpaka Seneti ya Marekani, na mwaka 1994 ukaanzishwa mfumo wa kuweka alama za umri kwenye magemu. Ukitaka kupigana, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya pili. Hiyo ilitoka mwaka huo huo wa 1994 kwenye mashine yangu ile ile, na damu yake ikiwa nyekundu kabisa.

Ile ya kwanza nilimwazima mdogo wangu. Hajairudisha, na sijawahi kumdai.