Mpira wa vioo na matone ya sabuni: ndivyo nilivyobaki navyo

Mama alipopona upasuaji wa mtoto wa jicho, alirudi kwenye kiti chake cha siku zote kando ya dirisha la sebuleni, akatazama nje kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi vioo huwa mnavifuta kweli?" Iliniuma, kwa sababu nilikuwa navifuta kila Jumamosi. Ila nilipokaa kwenye kile kiti jua likiwa limeelekea magharibi, nikaona alichokuwa anakiona: michirizi, mizunguko ya kitambaa, na utando kama wa mafuta kioo kizima. Tangu siku hiyo nimejaribu kila njia rahisi niliyosikia, na ninaandika kwa ajili ya mtu mwingine anayefuta bila kuona matokeo.

Dawa ya kupulizia ya dukani sina mengi ya kuisema. Sehemu kubwa ya kilichomo ni maji. Kwa kioo cha kujitazamia chenye alama za vidole inafaa sana. Kwa dirisha lenye vumbi ni hasara tupu, maana unapulizia kidogo, vumbi linageuka tope, nawe unalisambaza. Harufu yake pia ilimkohoza Mama.

Siki ndiyo inayosifiwa na kila mtu. Nilichanganya siki nyeupe na maji kiasi sawa. Dirisha la bafuni lilikuwa na madoa meupe ya maji ya chumvi, yale ambayo sabuni haiyagusi kabisa. Nililowesha kitambaa kwa siki, nikakibandika juu ya madoa kwa dakika kumi, yakatoka. Madoa hayo ni chokaa, na asidi ya siki huiyeyusha. Lakini kwa sababu hiyo hiyo isidondokee kwenye kizingiti cha marumaru, nalo ni jiwe la aina ya chokaa, litafifia. Kwenye dirisha la jikoni siki ilishindwa na mafuta. Na tafadhali, usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Hutoa hewa ya sumu, na watu hufanya hivyo bafuni, wakiwa wamefunga mlango.

Gazeti kuukuu linafanya kazi, nakiri. Karatasi yake hunyonya maji na haiachi nyuzi kama kitambaa cha pamba. Ila wino uliniachia alama kwenye fremu nyeupe, na mkono ulichoka kabla sijafika dirisha la tatu.

Kilichobadilisha kila kitu ni mpira wa vioo: mpini mfupi wenye ukingo wa mpira mwembamba, kama wanaotumia wasafisha majengo. Umbo lake la sasa lilitokana na Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano huko Marekani, aliyeutengeneza mwaka 1936, na ukiushika unaelewa kwa nini haujabadilika sana. Vitambaa vyangu vyote vilikuwa vinahamisha uchafu tu, na maji yanayobaki ndiyo yanayokauka yakawa michirizi. Mpira unayaondoa maji yenyewe, pamoja na uchafu uliomo.

Wiki ya kwanza nilishindwa hata nao. Nilikuwa natia sabuni nyingi, nikidhani povu ndilo usafi, kumbe sabuni ikizidi ndiyo inayoacha ule utando. Matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo yanatosha nusu ndoo. Kosa la pili, sikuwa nafuta ukingo wa mpira. Kila unapoushusha mara moja, ufute kwa kitambaa kikavu kabla hujaurudisha kwenye kioo, la sivyo unachora mstari. Sasa kwanza napangusa vumbi la fremu kwa brashi kavu, naosha kioo kwa sifongo, nakausha ukanda mwembamba wa juu kwa kitambaa, halafu naanzia hapo kushuka, kila mkupuo ukifunika kidogo ukingo wa ule uliotangulia. Kingo namalizia kwa kitambaa. Dirisha kubwa halifiki dakika nne.

Nafanya asubuhi au siku ya mawingu. Jua likiwa kwenye kioo, maji hukauka kabla mpira haujafika.

Kasoro yake ni kwamba mpira ni dhaifu. Punje ya mchanga ilikata ukingo wa wangu, ukawa unaacha mstari mahali pale pale kila mara. Nikauchomoa, nikaugeuza upande wa pili, ukawa mzima. Vioo vyenye vipande vidogo vidogo pia haviufai, hapo narudi kwenye kitambaa.

Kuna jambo moja zaidi ninalolipenda sana. Ndani navuta mpira kutoka juu kwenda chini, nje navuta kutoka kushoto kwenda kulia, ili mstari ukibaki nijue uko upande gani. Nilimweleza Mama hivyo. Juzi akanyoosha kidole kutoka kwenye kiti chake, pale kona ya juu, akasema, "Ule umelala. Toka nje ukaufute."